Bonde Lisilo na Kitu

Kamera ya saba ililia ta! juu ya kabati la ofisi, mchana kweupe, na betri zake zilikuwa kiganjani mwa mtafiti.

Aliitazama. Nayo ikamtazama. Akacheka kicheko kikavu, akaitia kwenye begi akaikague nyumbani.

Miezi minne kamera zile zilifungwa kwenye miti ya bondeni, kule barabara mpya ilikotakiwa kupita. Hujifyatua zenyewe kiumbe mwenye joto akikatiza mbele yake. Nyingine zilileta nguchiro na paa. Hii ya saba ilileta picha elfu nne za majani na hewa. Mtafiti alifanya wafanyavyo wenzake wote: alisema ni upepo, akazifuta. Kisha mkurugenzi akamwinamia sikioni. "Binti, na hao paa wako wawili watatu, si wapita njia tu?" Akawafuta nao. Akaandika, akatia saini: bonde halina kitu. Jumatatu matingatinga yakaingia.

Nyumbani, harufu ndiyo iliyotangulia: majani mabichi yaliyovunjika, na manyoya yaliyolowa.

"Umetuletea mnyama humu?" mama yake aliuliza, pua juu.

"Mama nawe! Ni viatu vyangu."

"Viatu havipumui, mwanangu."

Kweli, kitu kilipumua. Kilipumua nyuma ya pazia, kikapumua chini ya meza, na siku ya tatu kikawa kinapumua ndani ya kifua cha binti wa mtafiti, wa miaka sita, waliyezoea kumwita Kifaranga, naye akalala mwili unawaka na midomo imepasuka, anakonda mbele ya macho yao kama sabuni majini, huku daktari akiapa kwamba vipimo havioni kitu, na huku ile kamera sebuleni ikilia ta, ta, ta, kila mtoto alipogeuka ubavu.

Bibi yake Kifaranga akamwita mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Akaweka kiganja kwenye paji la mtoto.

"Nani wewe?"

Sauti iliyojibu kinywani mwa mtoto ilikuwa nzito, ya polepole. "Mkaaji wa bondeni. Nimepita mbele ya jicho la mama yake mara elfu nne, nikimwambia nipo."

Mtafiti akapiga magoti. "Mtoe, mganga," alinong'ona. "Naifuta ripoti. Nitaandika upya, sitaficha kitu." Papo hapo akampigia mkurugenzi.

"Uandike upya ya nini?" sauti ikacheka kwenye simu. "Kule sasa ni kokoto tupu. Ukweli wako umechelewa, binti. Pumzika."

Mganga alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake.

"Jini hatolewi akaachwa hewani," alisema. "Hutolewa akarudishwa kwao. Huyu nimrudishe wapi?"

"Mpeleke msitu mwingine!" bibi akadakia.

"Upi? Nitajieni mmoja."

Mtafiti akaanza kuihesabu kichwani. Aliijua misitu yote ya eneo lile, mmoja mmoja, kwa ramani na kwa miguu. Hakuna hata mmoja ambao hakuuandikia ripoti ileile: hauna kitu.

Kifaranga akafumbua macho, akaugeukia mlango. Safari hii alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba ya kuombea maji.

"Mama, kuna wengine nje. Wamejaa mpaka barabarani."