Daktari wa Bosi

Asubuhi ya chanjo, uwanja wa mpira wa Magomeni, Mtwara, ulijaa mbwa. Waliofungwa kamba za katani walibwekeana na waliofungwa minyororo, na paka walilia ndani ya vikapu kama watoto wachanga. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Nilza, msusi wa nywele, gauni la kitenge cha njano limemkaa vizuri kiunoni, akimvuta mbwa mzee mweusi ambaye hakutaka kuvutwa.

"Bosi, twende. Usiniaibishe mbele za watu."

Kamba ikamponyoka. Bosi akajikokota hadi kwenye meza ya chanjo, akainua mguu, akakojolea buti la daktari. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilza alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, daktari. Nyumbani hana tabia hii."

Daktari, kijana mrefu mwenye mwanya, alilitazama buti lake, kisha akachuchumaa mbele ya mbwa. "Ana umri gani?"

"Nilimpata nikiwa kidato cha kwanza. Sasa nina saluni yangu."

"Kumbe ni mzee wa mtaa. Shikamoo, Bosi."

"Marahaba," Nilza akamjibia mbwa kabla hajajizuia.

Hapo ndipo daktari alipomtazama yeye. Aliitwa Erasto, mwenyeji wa Mbinga, bado mgeni Mtwara. Alimchoma Bosi sindano, akamfungua mdomo, akanusa pumzi yake, tabasamu likapungua.

"Anakunywa maji sana siku hizi?"

"Kama ngamia."

"Mlete nimpime damu. Wazee figo huwasumbua."

Damu ilionyesha kwamba figo zimeanza kuchoka. Hazingepona, Erasto alimweleza, lakini zingeweza kutunzwa. Mpaka siku hiyo Nilza alidhani mbwa akishachanjwa basi, mengine ni ya Mungu. Sasa alijifunza kumpikia Bosi chakula kisicho na chumvi, kumnyima dagaa wakavu aliowapenda, kumsafisha meno, kumpa dawa ya minyoo bila kung'atwa. Na kila alichojifunza kilihitaji simu.

"Nimepiga kumjulia hali mgonjwa," Erasto alisema mchana mmoja.

"Mgonjwa amelala. Nimpe simu?"

"Mwache apumzike. Nitaongea na msemaji wake."

"Msemaji ana kichwa cha mteja mikononi."

"Basi nitasubiri hapa hapa kwenye simu. Endelea kusuka."

"Wewe daktari, una maneno!"

Pendo, msaidizi wake saluni, alikuwa akicheka mpaka machozi. "Dada, huyo mbwa ana bahati. Mimi nikiumwa hata jirani hanipigii."

Jumapili moja Erasto alikwenda kuchanja mbwa wa Msimbati, akamwomba Nilza amsindikize pamoja na mgonjwa. Nilza alijifunga kapulana nyekundu ya mama yake, kitenge cha Msumbiji kilichotoka ng'ambo ya Ruvuma pamoja na nusu ya ukoo wao. Kazi ilipokwisha walikaa mchangani wakala pweza wa kukaanga kwa ndimu, mikono ikinuka mafuta, huku Bosi amelala juu ya miguu ya Erasto.

"Nilza wangu," Erasto akasema polepole.

Nilza alijifanya hakusikia, ili aseme tena. Akasema tena.

Mvua zilipoanza, mama yake Nilza, Esperanca, aliteleza akitoka kuchimba mihogo kijijini kwao Mahurunga, akavunjika mguu. Nilza alifunga safari siku hiyo hiyo. Bosi akabaki kwa Erasto.

Kijijini mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya mikorosho. Kila jioni Nilza alipanda pale kumpigia Erasto, matope hadi vifundoni.

"Mpenzi, mama anaendeleaje?"

"Leo ameketi. Bosi je?"

"Yuko salama. Anakula vizuri. Wewe muuguze mama."

Alishuka kichuguu kile akiwa na moyo mwepesi, jioni baada ya jioni.

Mama alipoanza kujikongoja kwa gongo, Nilza alirudi mjini bila kutoa taarifa, amebeba korosho za kukaanga za kumshtukiza mpenzi wake. Aliyeshtuka ni yeye. Bosi alikuwa amelala kwenye blanketi sebuleni kwa Erasto, mbavu zinahesabika, mrija wa maji umefungwa mguuni. Alimsikia Nilza, akapiga mkia chini mara moja tu.

"Ameacha kula vizuri tangu lini?"

Erasto aliinamisha kichwa. "Tangu wiki ile uliyoondoka."

"Uliniambia anakula!"

"Ulikuwa na mama mgonjwa, Nilza. Nilitaka utulie."

"Baba yangu alipozidiwa, nilikuwa kwenye mitihani ya kidato cha nne," Nilza alisema. "Wote walinificha ili nitulie. Nikafika nyumbani nikaonyeshwa kaburi. Na wewe unanifanyia yale yale?"

Hakungoja jibu. Alimbeba Bosi mikononi, akasimamisha bajaji, akaondoka.

Erasto alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma dawa kupitia Pendo. Nilza alizipokea dawa, salamu akazikataa. Alilala chini karibu na mbwa wake, akimlowesha ulimi kwa kijiko. Asubuhi moja Bosi alikataa hata maji, akawa anatetemeka na kugumia kwa maumivu. Nilza akachukua simu.

"Daktari," alisema. Hakuita jina. "Njoo."

Alikuja na shati limefungwa vifungo kombo. Alimpima Bosi ufizi, macho na tumbo.

"Nieleze bila kunificha kitu," Nilza akasema.

"Figo zimekwisha. Naweza kumwekea maji ya mshipa, tukamshikilia siku chache. Lakini zitakuwa siku zetu, siyo zake. Yeye ataumia tu."

"Angekuwa wako?"

"Ningemlaza leo kwa sindano, asiamke tena. Ningemshika kichwa mpaka mwisho."

Nilza alikaa sakafuni, akakipakata kichwa cha Bosi. Sindano ya kwanza ilimpa usingizi. Kutetemeka kukaisha, uso wake ukalegea kama wa mtoto wa mbwa. Nilza alimnong'oneza mambo ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Baada ya sindano ya pili Erasto alisikiliza kifua kwa chombo chake, akasikiliza tena.

"Amekwenda," akasema, na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Walimzika nyuma ya saluni. Jasho likimtiririka, Erasto aliegemea jembe.

"Sikukudanganya kwa huruma tu. Niliogopa. Nilikuwa nimeshindwa kumtibu, na sikutaka wewe ujue kwamba nimeshindwa."

Nilza alisawazisha udongo wa kaburi kwa mkono. "Hilo ndilo ungeniambia kwenye simu. Ningekuja kumuaga, kisha ningerudi kwa mama. Ningeumia, lakini nisingekuwa peke yangu."

"Nimekosa, Nilza."

"Umekosa." Akamfuta udongo shavuni kwa ncha ya khanga. "Ingia ndani unawe."

Hawakurudiana siku ile. Ilikuwa kidogo kidogo: simu fupi, kisha ndefu, kisha utani ukarudi. Korosho zilipokuwa zinaanguka, Erasto alikwenda Mahurunga kuchanja mbwa wa kijiji, akamkuta Nilza uani kwa mama yake, akipepeta mchele. Akavuta kigoda.

"Nina mawili ya kusema. La kwanza, nataka kukuoa. La pili, nimeambiwa jana kwamba nahamishiwa Newala. Nilifikiri nikuombe kwanza uchumba, uhamisho nikuambie baadaye. Nimeshindwa. Saluni yako iko Magomeni, mama yako yuko hapa, na Newala ni mbali, kuna baridi na maji ya shida. Ukikataa nitaelewa."

Ungo ulisimama. Nilza alifikiria viti vyake viwili na kioo, Pendo, wateja wa Jumamosi. Jikoni, Mama Esperanca aliacha kusonga ugali ili asikie vizuri.

"Huko Newala," Nilza akauliza, "wanawake wana nywele?"

"Wanazo. Nyingi."

"Basi watasukwa," akasema, akaendelea kupepeta.