Kete za Kijani

Ijumaa ile Félicité alitoka saluni, hapo Durban, jua likielekea kuzama, mikono bado inanuka mafuta ya nywele, akaingia duka la vitu vya watoto pamoja na mwenzake wa kazi, Immaculée. Alikuwa amekata shauri: leo harudi nyumbani bila mchezo wa mezani. Televisheni ilikuwa imemchosha. Glody alikuwa na miaka tisa, Tina minne, na kila walipoachwa peke yao walizipiga.

Aliyageuza maboksi moja moja. Huu una vipande vidogo, Tina atavimeza. Huu una maswali ya Kiingereza, Glody atasoma na mdogo wake atalia. Huu wa nyoka na ngazi Glody atauchoka kabla ya Krismasi, na ubao wenyewe karatasi tupu. Yeye alitaka kitu ambacho mtoto wa miaka minne atakielewa leo, na akifika kumi na minne bado atakuja mezani mwenyewe bila kuitwa.

"Chukua ludo," Immaculée alisema. "Lakini ya plastiki ni takataka. Enda kwa Papa Apollinaire, ku Cato Manor. Anachonga ya mbao. Ya kwetu iko na miaka saba."

Papa Apollinaire alikuwa seremala, gereji yake imejaa harufu ya msasa na gundi. Hakuuliza ukubwa wala bei. Aliuliza jambo moja tu.

"Muko wangapi ku nyumba, mama?"

"Wane."

Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Ndivyo alivyojibu miaka mitano mfululizo, kila alipokwenda kufanya upya karatasi za ukimbizi. Yeye, Glody, Tina... na Cédric. Baba yao alikuwa na mke mwingine Johannesburg, huyo hakumhesabu hata kwa mzaha. Lakini Cédric, kifungua mimba wake, alikufa njiani, porini, wakati wanakuja, kwa homa na njaa, akiwa na miaka saba. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi tangu kambi ya wakimbizi; hakukuwa na cheti cha kifo, na bila cheti ofisi haifuti jina. Félicité naye hakuomba lifutwe. Hakuwahi kutamka kwamba mtoto yule hayupo.

"Wane," Apollinaire alirudia, akichukua patasi. "Nachonga kwa hesabu yenye umenipa."

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kete nyekundu za mama, buluu za Glody, njano za Tina. Za kijani zilikaa kwenye kibanda chao bila mwenyewe. Félicité alicheka akikumbuka Cédric kambini, akicheza kwa vizibo vya soda juu ya kadibodi. Kila mara kabla ya kusogeza kizibo alilamba kidole gumba. Naye Félicité alikuwa akimchapa kidogo mkononi. "Uchafu, papa!" Ndivyo alivyomwita mwanawe.

Jumatatu jioni alikuta kete moja ya kijani imetoka kibandani.

"Glody!"

"Si mimi, mama."

Hakumwamini. Jumanne kete ile ilikuwa imefika upande wa Tina na kumla kete moja. Jioni hiyohiyo Tina akapata homa. Jumatano akaliwa kete ya pili. Tina akakataa chakula. Kliniki walimpa dawa ya maji, wakasema ni mafua.

Félicité alimshuku Glody. Akamshuku jirani mwenye ufunguo wa akiba. Mwisho akaufungia ubao ndani ya sanduku la nguo, ufunguo akautia kifuani.

Alhamisi, taa za barabarani zinawaka, alikuwa akisonga ugali.

Tok.

Akazima jiko.

Tok... tok... tok.

Sauti ilitoka sandukuni. Alilifungua. Harufu ya tope na majani mabichi ikampiga usoni, na hapo ghorofa ya tatu, tope la wapi? Kete ya tatu ya njano ilikuwa imelala ubavu. Ya kijani ilisimama mahali pake.

Ilikuwa imelowa.

Mate.

Alimwachia Glody simu moja na mgonjwa, akapanda taksi hadi Cato Manor. Apollinaire hakuacha kupiga msasa.

"Ondoa kete za kijani!"

"Uliniambia wane."

"Nilikosea!"

"Basi sema. Muko wangapi?"

Kusema ni kumzika mwanawe kwa mara ya pili, na safari hii kwa ulimi wake mwenyewe. Alisimama pale akilia, mpaka simu yake ya pili ikaita mkobani.

"Mama," Glody alinong'ona alipoipokea. "Tina haamuki."

Félicité akafumba macho.

"Tuko... watatu."

Apollinaire alipuliza vumbi la mbao. "Watatu. Sharp, sawa."

Hakuuliza akina nani. Naye Félicité, kwa haraka yake, hakuwataja.

Alipofungua mlango, Tina alikuwa amekaa mezani. Paji la uso baridi, macho maangavu. Ubao ulikuwa mbele yake, na kete za kijani hazikuwepo, kama vile hazikuwahi kuchongwa. Félicité alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti. Glody alirukaruka kwa furaha.

"Ameamuka yeye mwenyewe, mama! Anataka tucheze!"

Tina akarusha dadu. Sita.

Akanyoosha mkono kwenye kete ya njano. Akasita. Kisha akaupeleka mkono mdomoni... taratibu... akalamba kidole gumba.

Tina alizaliwa Durban. Hakuwahi kumwona Cédric.

"Nani... amekufundisha hivyo?"

Mtoto aliinua uso. Uso ulikuwa wa Tina. Tabasamu halikuwa lake.

"Usinichape, mama. Najua ni uchafu." Akatazama jikoni. "Niko na njaa."

Félicité alitaka kupiga kelele. Alitaka kumtikisa mtoto yule mpaka binti yake arudi. Alitaka kukimbia tena Cato Manor na kutaja majina, moja moja. Lakini mikono yake, yenyewe tu, ilikwenda kuchukua sahani, ikamega tonge la ugali, ikalipeleka kwenye mdomo ule mdogo. Miaka mitano alikuwa akiota anamlisha.

"Kula, papa," alinong'ona.

Glody alimtazama mama yake. Akamtazama mdogo wake. Kisha, polepole, akavuta kiti chake nyuma.