Sauti ya Baba Yake Ghinwa

Foleni ya kununua betri mtaani Hamra ilikuwa imefurika hadi barabarani. Ghinwa, ndani ya gauni la kijani na viatu vya kisigino kirefu, alikanyaga mguu wa mtu.

"Dada, huo mguu bado nauhitaji," alisema kijana aliyekanyagwa.

"Basi usiutandaze kama zulia."

Jina lake Wajdi, mwandishi wa programu za kompyuta. Kabla hawajaufikia mlango wa duka walikuwa wameshagawana mkate wa viungo vya zaatari, na baada ya hapo simu hazikukoma.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Nyuma yako, kichaa wewe. Geuka!"

Ghinwa alikuwa na rekodi ya marehemu baba yake akiimba jikoni huku akikata nyanya. Simu iliyoirekodi ilishakufa. Nakala ilibaki moja tu, na jenereta la jirani lilinguruma mwanzo hadi mwisho.

"Nipe nikuondolee hiyo kelele," Wajdi alimwambia.

"Usije ukaniharibia."

"Habibti, hii si ndiyo kazi yangu?"

Njia salama ya kuhifadhi faili aliijua. Unaandika faili jipya pembeni, unahakikisha limetua lote kwenye diski, ndipo unalibandika jina la lile la zamani kwa mkupuo mmoja. Likikwama njiani, la zamani bado lipo zima. Wenzake kazini aliwafokea kwa kutofanya hivyo. Lakini siku hiyo alikuwa na haraka ya kumfurahisha Ghinwa kabla ya chakula cha mchana, akaiacha programu yake iandike moja kwa moja juu ya faili la zamani.

Umeme ukakatika katikati.

Wajdi akaacha kupokea simu za Ghinwa. Wiki ilipoisha Ghinwa alimfuata nyumbani, midomo imepakwa rangi nyekundu, macho yamevimba.

"Nitajie jina lake tu."

"La nani?"

"Huyo mwanamke!"

"Hakuna mwanamke, Ghinwa. Nimempoteza baba yako."

Akamwekea asikilize kilichosalia. Mzee alivuta pumzi, akaanza neno la kwanza, kisha kimya.

"Kulikuwa na njia ya kuizuia isipotee?"

"Ilikuwepo."

"Ngumu?"

Wajdi aliinamisha kichwa. "Mistari mitatu tu ya kuandika kwenye programu."

Ghinwa alilia, kisha akamfuta Wajdi machozi. Siku zilizofuata alimletea chakula huku Wajdi akipekua diski bila kupata kitu. Hatimaye Wajdi akamwomba waoane.

"Nimekusamehe, na sikudanganyi," Ghinwa alisema polepole. "Ila kila ukianza kuongea, nasubiri ukatike. Nitaishije hivyo, Wajdi?"

Kaka yake Ghinwa aliyeishi Montreal alimwita, naye akakubali kwenda. Akiwa uwanja wa ndege alimpigia Wajdi simu.

"Umekula?"

"Bado."

"Kale, habibi. Utaumwa."

"Ghinwa, usiende."

Wajdi alimsikia akihema. Halafu laini ikakatika, na Wajdi alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.