Gauni la Mkunjo Mmoja

"Mwili wangu mimi siuonei haya hata kidogo," alisema Fundi, akikata uzi kwa meno. Kisha akamwambia mdogo wake, "Haya, geukia ukutani nivae."

Mdogo mtu akageuka, akauchekea ukuta.

"Dada, tumeogeshwa beseni moja tangu hatujui kusema."

"Wakati ule tulikuwa sawa."

Tangu hospitali walipomkata ziwa la kushoto, Fundi alijishonea kimto cha vitambaa, akakijaza pamba na mchele kidogo kipate uzito, akakiita Mgeni. Mgeni alikaa ndani ya sidiria asubuhi hadi usiku. Siku za joto alishuka taratibu, na wateja wakawa wanapimwa na mwanamke mwenye titi kitovuni. Fundi aliwahi kucheka kabla hawajacheka wao.

"Na shemeji anasemaje?"

"Shemeji yako hana neno. Ni muungwana. Amehamia chumba cha watoto kwa sababu anakoroma, hataki kunisumbua na kidonda changu."

"Kidonda si kimepona zamani?"

"Kukoroma hakujapona."

"Miaka yote hiyo hakuwa anakoroma, dada. Kajifunza lini?"

"Ukubwani," Fundi akajibu, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili mazungumzo yafie humo.

Mume mwenyewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Jioni ile ujumbe wake ukaingia kwenye simu: "Nafika kesho kutwa. Nitandikie kule kule."

Fundi akausoma, akauteremsha kwa kidole kutafuta kama kuna neno jingine chini. Hakuna. Akajibu, "Sawa, baba watoto." Akaenda kutandika kule kule. Kabla hajaweka mto akaunusa, akajiona mjinga, akaunusa tena.

Asubuhi akaja Mwalimu kuchukua gauni lake. Mwanamke wa umri wake, mnene, mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Naye alikuwa amekatwa la kushoto, na siku ya kupimwa alisema wazi: upande huu ushone bapa. Sasa akalivaa, akajitazama kwenye kioo. Kulia gauni limekaa. Kushoto kitambaa kimesimama peke yake kama hema lisilo na mtu.

"Fundi, hili titi la nani?"

"Nisamehe, Mwalimu. Mkono umezoea mikunjo miwili ya kifuani."

"Nilikwambia bapa."

"Nilidhani ukifika nyumbani utataka kujaza."

"Nijaze nini?"

Fundi akafungua kifungo cha juu. Akatia mkono kifuani, akamtoa Mgeni, akamlaza juu ya meza ya kukatia. Mwalimu akamnyanyua, akamtikisa sikioni.

"Kuna mchele humu?"

"Kidogo."

"Basi wewe njaa haikupati."

Wakacheka. Fundi akacheka mpaka akashika meza, na katikati ya kicheko akawa analia. Mwalimu hakumbembeleza. Alivua gauni pale pale, hakumwambia mtu ageukie ukutani. Kovu lilipita kifuani kama zipu iliyoshonwa na mwanafunzi.

"Pima juu ya hili," akasema. "Hapa ndipo nilipo."

Fundi akaweka futi yake ya kupimia juu ya kovu la mwenzake, akafumua mkunjo wa kushoto. Mwalimu alipoondoka, akafunga mlango, akasimama mbele ya kioo na kujipima mwenyewe. Kovu. Mikono minene. Tumbo lililolegea kwa kubeba watoto. Alizoea kujishonea kwa kukisia, macho yakiwa pengine. Leo alitazama.

"Kumbe wenyeji ni nyie," akaliambia kovu, na mikono, na tumbo. "Nami namtunza mgeni tu."

Akakata kitambaa cha buluu alichokuwa akikiogopa. Mkunjo mmoja, kulia. Kushoto bapa.

Kesho yake jioni mume akaingia, mkewe kasimama sebuleni ndani ya buluu. Macho yake yakafika kifuani, yakakimbilia kalenda ukutani.

"Umependeza, mama watoto."

"Unaiambia kalenda?"

"Nakwambia wewe." Akakaa, akavua viatu polepole kama mtu anayetafuta kazi. "Kile kimto umekiweka wapi?"

"Mgeni amekwenda kwao. Baba watoto, leo nimetandika chumbani kwetu. Kule sikutandika."

Mume akakunja soksi, akaikunjua.

"Nakoroma, mke wangu."

"Koroma. Mimi nalala pembeni ya cherehani maisha yangu yote."

"Hujawahi kusikia jinsi ninavyokoroma siku hizi. Hata mwenzangu safarini analala na pamba masikioni. Nakuhurumia wewe."

Akayasema kwa upole kiasi kwamba Fundi karibu aone haya kwa kumsumbua. Karibu amshukuru. Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa huyo huyo mwenzake, dereva wanayepokezana usukani na kulala chumba kimoja njiani, ameshika mfuko.

"Shemeji, habari za hapa? Mzee kasahau nguo zake kwenye gari."

"Nzuri, shemeji. Pole na safari," akasema Fundi. "Na pole na kelele. Nikupe pamba nyingine? Hapa kwangu zimejaa."

"Pamba za nini?"

"Za masikio. Mzee anavyokukoromea."

Yule bwana akacheka, akaegemea mlango.

"Huyu? Shemeji, huyu akilala ni gogo. Kuna siku namshika pua nione kama bado yupo. Aliyekwambia anakoroma ni nani?"

Fundi akamgeukia mumewe. Kicheko kikamwishia mdomoni. Akaweka mfuko chini, akasema gari halina mtu, akaondoka bila kuaga vizuri.

Fundi hakupandisha sauti. Alipitisha kiganja upande wa kushoto wa gauni, akaulainisha kama anavyowafanyia wateja.

"Mwaka mzima namlaumu daktari, naulaumu mwili wangu, namwomba Mungu akuponye pua," akasema. "Baba watoto. Njiani hukoromi."

Mume akaitazama soksi.

"Njiani," akasema, "njiani kuna baridi. Kwenye baridi sikoromi."