Namba Tatu Ilikuwa Tupu

Jua lilikuwa linazama Kidoti alipofungua studio kuchukua kamera ya harusi ya kesho yake. Aingie, achukue, atoke. Betri ilikuwa kwenye chaja, lenzi zilikuwa kabatini, na dada yake alikuwa nyumbani akimsubiri wale.

Jina Kidoti alipewa na dada huyo huyo. Kwenye weupe wa jicho la kushoto la Kidoti kulikuwa na alama nyeusi, ndogo kama mbegu ya ufuta. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa kazi ya kamera, na mwisho akamkabidhi kamera yenyewe. Kwa hiyo ukinisikia huko mbele nikimsema vibaya dada mtu, usidhani sijui alikotoka naye. Najua sana. Ndiyo maana inaniuma.

Sasa, kuna jambo moja la kamera hizi kubwa lazima ulijue, la sivyo hutaelewa kilichomtoa jasho. Kamera ikitoka dukani, kitufe cha juu kinafanya kazi mbili: ukikigusa kidogo kinavuta fokasi, yaani kinaifanya picha iwe kali, ukikibonyeza kinapiga picha. Dada hakuupenda utaratibu huo hata siku moja. Aliingia kwenye setingi, akaitoa fokasi huko juu, akaihamishia kwenye kitufe cha nyuma, pale kidole gumba kinapolala. "Kidole cha juu kina kiherehere," alikuwa akisema. "Gumba ndicho chenye akili." Kidoti akairithi tabia hiyo. Basi mtu mwingine akiiokota kamera yao na kubonyeza, anaambulia ukungu mtupu. Mashemeji na wapambe wa harusini walishajaribu wee, wakarudisha kamera wakisema ni mbovu. Siri ya kidole gumba walikuwa wakiijua wawili tu.

Juu ya kamera hiyo kuna kigurudumu cha kuchagulia, na kwenye kigurudumu kuna nafasi tatu ambazo mwenye kamera anajihifadhia setingi zake. Moja Kidoti aliiweka kwa picha za ndani. Mbili kwa picha za juani. Tatu ilikuwa tupu. Hakuwahi kuhifadhi kitu chochote humo.

Jioni ile kigurudumu kilikuwa kwenye Tatu.

Akakirudisha kwenye Mbili. Tik. Akageuka kuchomoa betri kwenye chaja.

Tik.

Akageuka haraka. Tatu.

"Uchovu huu," alijiambia, na kwa kweli alikuwa na sababu ya kuulaumu uchovu. Siku hizi macho yalikuwa yanamsumbua. Maandishi ya simu yalimwogelea. Picha alizoamini ni kali zilitoka zimelegea. Hata wateja walishaanza utani: "We Kidoti, mbona kidoti chenyewe hatukioni tena?" Naye alicheka nao. Nyumbani akajiangalia kwenye kioo, akaona alama imepauka. Akasema labda ni umri. Umri gani huo, jamani!

Aliyekuwa na haki ya kulalamikia macho ni dada. Ya dada yalikuwa yanazimika. Alishaacha kazi, akavaa miwani myeusi, akawa anatembea kwa kupapasa kuta. Siku waliyotoka kwa daktari wa macho na kuambiwa hakuna dawa, dada alikaa kitandani akalia kama mtoto. Kidoti akamkumbatia. "Ningeweza, dada, ningekupa haya ya kwangu."

Dada akauliza polepole, "Kweli?"

"Kweli kabisa."

Maneno ya kufarijiana hayo. Nani hajawahi kuyasema?

Kidoti akaishika kamera, akabonyeza kitufe cha kutazamia picha. Hakikufungua picha. Kilizima skrini. Akajaribu kingine, kikamletea tarehe. Akaduwaa. Vitufe vyote vilikuwa vimebadilishiwa kazi. Kamera aliyokuwa akiiendesha gizani kwa kugusa tu, sasa ilikuwa kama nyumba ambayo mtu ameihamisha milango yake. Akabahatisha mpaka picha zikafunguka.

Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke amelala.

Ilikuwa ya kwake yeye.

Shuka lile lile. Mto ule ule. Uso umejaa fremu, macho yamefumba. Akasogeza mbele. Yeye tena, gauni jingine la kulalia, na jicho la kushoto limefumbuka kidogo. Akasogeza. Limefumbuka nusu. Akasogeza tena...

Jicho lilikuwa wazi kabisa. Na yeye bado alikuwa usingizini. Weupe wa jicho ulikuwa safi, hauna alama yoyote.

Ilibidi aisogeze skrini karibu na pua ndipo alione lile lililomkata maini. Picha zilikuwa kali! Kope moja moja ungeweza kuzitenganisha. Fokasi imekaa juu ya jicho la kushoto, haijayumba. Laiti zingekuwa na ukungu! Angesema ni mwizi. Angesema ni jini. Angepiga kelele, majirani wakaja, mambo yakaisha.

Lakini aliyepiga alitumia kidole gumba.

Studio ikaanza kunuka. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Mbele yake kulikuwa na kiti cha wateja tu, kitupu, na pazia la nyuma likiwa limetulia. Sijui ni nini kilimtuma, labda ni mazoea ya kazi, akainua kamera na kuweka jicho kwenye kitundu cha kuangalizia. Kitundu hicho hakidanganyi. Ndani kuna kioo, na kioo kinakuonyesha kilichopo mbele ya lenzi, basi.

Hakukiona kiti.

Aliona jicho.

Limejaa kitundu kizima, linamtazama. Likapepesa. Kwenye weupe wake kulikuwa na mbegu ya ufuta.

"Usiiangushe," sauti ikanong'ona mlangoni.

Dada alikuwa amesimama pale na miwani yake myeusi. Hakuwa na fimbo. Akaingia ndani, akaukwepa waya wa taa uliolala sakafuni, akaizunguka meza, wala hakupapasa kitu.

"Dada... unaona?"

"Punguza sauti."

"Umenifanya nini, dada?"

"Unamkumbuka yule mteja wa picha ya kitambulisho? Aliyeomba kuishika kamera kidogo?"

Kidoti alimkumbuka. Mzee mtaratibu, mwenye mikono baridi. Picha yake haikutoka, na mwenyewe hakurudi kuidai.

"Aliniambia dawa ipo, ameiweka kwenye Tatu," dada alinong'ona. "Ila haiibiwi. Lazima mwenyewe atamke kwa kinywa chake kwamba anatoa. Mimi sikukuomba, mdogo wangu. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilikuwa nakufariji!"

"Nilikuuliza kweli, ukasema kweli kabisa."

Hapo Kidoti alilia. Hakulilia macho, nataka uelewe. Alilia kwa sababu dada yake hakuwa na hata haya usoni. Mikono iliyomwogesha, iliyomsuka nywele, ndiyo iliyokuwa ikimwinamia kitandani usiku na kamera. Na Kidoti alimwamini kiasi kwamba hata angeamka na kumwona, angemsogezea mto tu na kuendelea kulala. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Huyu hakuwa nguoni. Huyu ndiye aliyemvisha nguo.

Akainua kamera aipasue ukutani.

"Ukiivunja, kila kitu kitabaki pale kilipo," dada alisema. "Futa setingi za Tatu. Ukifuta, macho yatarudi."

"Kwa nini unaniambia?"

"Mimi ni dada yako."

Kidoti akageukia kamera. Akabahatisha vitufe, akapotea, akarudi, giza likizidi dirishani na harufu ya majivu ikizidi puani. Mwishowe skrini ikatoa swali. Swali fupi, na chini yake vijisanduku viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia. Akaisogeza kwenye pua. Akaisogeza mbali. Akafuta machozi, akakodoa.

Maandishi yalikuwa ukungu.

Zamani gumba lake lingejua. Sasa halikujua kitu.

"Dada," alisema. "Nisomee."

Dada akasogea, akavua miwani. Akainama juu ya skrini, karibu kabisa, na mwanga wa skrini ukampiga usoni. Hicho Kidoti alikiona vizuri, au labda alikijua tu bila kukiona: ile alama, jicho la kushoto, mahali pake pale pale.

"Kulia," dada alisema, kwa sauti ile ile aliyombembelezea utotoni. "Bonyeza kulia, mdogo wangu."

Angefanya nini? Angemwamini nani mwingine?

Akabonyeza kulia.

Tik.

Mpaka leo hajui kulia kuliandikwa nini. Anajua tu kwamba kesho yake harusini alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkono wake umewekwa kwenye meza asije akakosea njia, amevaa miwani myeusi isiyo ya kwake. Alisikia kamera yake ikifanya kazi, akaijua kwa mlio. Alisikia bibi harusi akicheka. Kisha mtu mmoja akaita kwa furaha kutoka upande wa keki:

"Kidoti! Njoo utupige na huku!"

Akafungua mdomo aitike.

"Nakuja!" akaitika dada.