Mgeni wa Suti ya Kuzikiwa

Maboga yalikuwa yamegeuka. Jana yake Retta Blevins aliyapanga kwenye ngazi za baraza, yote yakitazama barabarani, macho yamechongwa na meno yametokeza nje. Asubuhi alipotoka na kahawa yake aliyakuta yanautazama mlango. Yote, hata lile kubwa ambalo Wade, mchumba wake, alilibeba huku akilalamikia mgongo njia nzima. Retta alidhani ni utundu wa watoto wa jirani. Akayageuza moja moja, akarudi ndani kumalizia kushona utepe wa rangi ya chungwa kwenye gauni lake jeusi la harusi.

Ndiyo, jeusi. Huku milimani Kentucky watu walishasema mpaka wakachoka. Mpishi wa shule, mwanamke wa makamo, mjane, anaolewa mara ya pili, na siku aliyoichagua ni Halowini, siku ambayo watoto hujifanya vizuka wakapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Harusi uani kwake, jua likizama. Keki yenye umbo la jeneza. Bwana harusi kavaa suti iliyochorwa mifupa. Waalikwa waje wamevaa kama maiti, wachawi au popo, na asiyetaka abaki kwake. Mchungaji Tackett alipomuuliza kwa nini asichague siku nyingine kama Wakristo wenzake, Retta alimjibu kwamba hii ndiyo siku aliyonyang'anywa, na ndiyo anayoitaka.

Aliyemnyang'anya ni Dorsey, mumewe wa kwanza, dereva wa lori la magogo, mtu mwenye neno zito na mkono mwepesi. Kila Halowini jua likizama alizima taa ya barazani, na huku milimani taa ikizimwa watoto wanajua kwamba nyumba hiyo haitoi kitu, wanaipita. Retta alikuwa akikaa gizani na kusikia vicheko vyao vikielekea kwa jirani, asithubutu hata kukohoa. Hakuwahi kumjibu mume yule hata neno moja. Alikuwa kimya kama maji mtungini. Lori lilipotumbukia mtoni na Dorsey akafa ndani yake, Retta alimzika kwa heshima zote, akaendelea na ukimya wake, mpaka siku Wade Sizemore, fundi wa mapaa, alipokuja kuziba pavujapo, akauliza mbona taa ya barazani haina balbu. Mapenzi yao yalianzia hapo hapo, juu ya ngazi ya fundi.

Kosa lilitendeka Jumamosi kabla ya maboga kugeuka. Oleta, dada yake Retta, alimwandalia bibi harusi karamu ya wanawake peke yao, na kwa kuwa harusi yenyewe ni ya vizuka, akaona wacheze karamu ya bubu, mchezo wa bibi zao wa msichana kumtambua mume wake wa baadaye. Meza huandaliwa kinyumenyume. Anayeandaa hutembea akirudi nyuma, kisu hukaa mahali pa uma, kitamu huliwa kwanza na supu mwisho, na hakuna anayefungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Mbele ya msichana huwekwa kiti kitupu na sahani iliyojaa. Atakayekuja kukaa hapo, hata kiwe kivuli tu, ndiye mume. Retta akaketi mahali pa msichana, wanawake wale wakajibana mbavu kwa vicheko, wakala pai yao ya tufaha kimya, hakuja mtu, wakapiga picha wakaenda zao. Retta alipoondoa vyombo aliona glasi ya kwenye kile kiti kitupu ina maji ya kahawia, mazito, yenye povu. Akainusa. Ilinuka tumbaku ya kutafuna, ile yenye mnanaa, ambayo Dorsey alikuwa akiitema katika kila chombo cha nyumba ile.

Aliyamwaga, akaiosha glasi, asimwambie mtu. Lakini maboga yakageuka, na kesho yake yakageuka tena, na kesho kutwa. Harufu ya mnanaa ikaingia kwenye gauni jeusi, akalifua kwa mkono, likakauka bado linanuka. Taa ya barazani, ambayo sasa Wade alishaitia balbu mpya, ikawa inajizima kila jioni. Akiiwasha inakaa kidogo, halafu swichi inashuka yenyewe ukutani, polepole, na unaisikia ikilia.

Jioni moja walikuwa jikoni yeye na Wade wakifunga popo wa karatasi kwenye uzi, redio inaimba, supu iko motoni inatokota, na Retta akasikia buti zikipanda ngazi za baraza, buti moja ikiburutwa kidogo kama alivyokuwa akiiburuta Dorsey tangu aangukiwe na gogo, zikavuka ubao ule unaolia, zikafika mlangoni, na mlango haukufunguliwa lakini buti zikaendelea kutembea, sasa ziko ndani, sebuleni, zikaja mpaka kwenye kizingiti cha jiko zikasimama, na redio ikanyamaza, na hewa yote ikawa mnanaa na maji ya mto, na sauti ikatoka mahali ambapo hapakuwa na mtu ikasema, bila hasira, kama mtu anayeomba chumvi, "Zima taa, Retta."

Wade alishika ukingo wa meza. "Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia."

"Ni nani?"

"Mwenye nyumba wa zamani."

Wade hakuwa mwoga, tuseme ukweli. Mwoga angekimbia usiku ule ule. Yeye alifikiri mpaka kulipopambazuka, akamwambia Retta waende mahakamani Jumatatu, wafunge ndoa mchana kweupe, wapange nyumba mjini, na Halowini waiache ipite.

"Nitakuwa nimekuoa vilevile, mpenzi," alisema.

"Utakuwa umenioa, na yeye atakuwa amebaki na nyumba," Retta alimjibu. "Na mwakani atakuja kuitaka hiyo ya mjini."

Oleta naye alipoelezwa alikaa chini, uso umemshuka. Alikiri kwamba kuna jambo alilisahau.

"Bibi alikuwa akisema karamu ya bubu ni ya wasichana, mdogo wangu. Mjane haketi. Msichana akiketi anakuja atakayekuwa. Mjane akiketi anakuja aliyekuwa."

"Na dawa yake alisema nini?"

"Hakusema dawa. Alisema usiketi."

Retta alicheka, kicheko kibaya, halafu akalia. Alikuwa anaogopa, na aliogopa zaidi jinsi alivyojikuta anatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama zamani. Mchungaji Tackett aliletwa kuomba. Aliomba chumba hadi chumba kwa sauti kubwa, lakini alipofika jikoni sauti ikapungua, na alipotoka nje kola yake ilikuwa imelowa jasho. Alimshauri Retta ayatoe maboga na aiache taa izimike, huenda marehemu akaridhika.

"Aliridhika miaka yote ile, Mchungaji," Retta alisema. "Asiyeridhika ni mimi."

Harusi haikuahirishwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu alikwisha kupitisha siku zake.

Siku ya Halowini uani kulijaa watu. Mhudumu wa posta alikuja amekuwa popo, walimu wa shule wamekuwa wachawi, na Oleta amekuwa jiwe la kaburi, amejivika kadibodi mpaka akashindwa kukaa. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya mlima na mishumaa inawaka ndani ya maboga, na taa ya barazani imewashwa. Wade alisimama mbele na mifupa yake. Retta alipotoka nyumbani na gauni jeusi watu wakapiga makofi, naye akatabasamu, mpaka alipoutazama mstari wa mbele.

Palikuwa na mtu pale ambaye hakualikwa. Alivaa suti ya kahawia, imelowa, buti zina tope la mtoni. Mwalimu mmoja aliyekuwa nyuma yake alimsifia mavazi, akamwambia jirani yake kwamba huyu ndiye anayestahili zawadi, tazama alivyofikiria kila kitu, hata koti kalipasua mgongoni toka juu mpaka chini, vile wazika maiti wanavyolipasua ili limwingie marehemu. Retta aliijua ile suti. Aliichagua yeye, siku ya kumzika Dorsey. Harufu ilimfikia kabla hajafika katikati ya uani, na miguu ikataka kurudi, na kila hatua aliyopiga mshumaa mmoja ulizimika, boga hili, kisha lile, na watu wakashangilia kila giza lilipoongezeka kwa sababu walidhani ndivyo ilivyopangwa, na Mchungaji akaifungua Biblia juu chini bila kuona, akasoma kwa kukariri, mpaka akafika pale anapolazimika kuuliza kama yupo mwenye kuipinga ndoa hii, naye hakutaka kuuliza, lakini mdomo uliozoea ukauliza.

Mtu wa suti akasimama. Maji yakamdondoka kwenye mikono.

"Zima taa, Retta," alisema. "Twende ndani."

Wade alipiga hatua, Retta akamzuia kwa mkono. Kwenye meza ya keki palikuwa na bakuli la pipi lililowekwa kwa ajili ya watoto watakaopita. Retta alichota moja, akamwendea mumewe wa zamani mpaka wakawa uso kwa uso. Akafungua mdomo kumjibu, kwa mara ya kwanza.

"Dorsey, taa hii siizimi. Leo ni Halowini. Anayekuja kwenye nyumba yenye taa anapewa pipi, na akishapewa anakwenda nyumba nyingine. Haingii ndani. Hakai. Hata mtoto anayejifunza kutembea anajua."

Aliushika ule mkono. Ulikuwa baridi na laini kupita kiasi, kama nyama iliyolala majini. Akautia pipi, akavifunga vidole kimoja kimoja juu yake.

"Sema asante."

Mdomo wa marehemu ulifunguka ukajifunga. Mnanaa ukajaa uani. Retta hakuondoa macho.

"Asante," Dorsey alisema, kwa sauti ndogo.

"Haya, nenda."

Akageuka. Wote waliona ule mpasuko wa mgongoni, na kilichokuwa ndani yake hakuna aliyekubali kukisimulia baadaye. Aliburuta buti moja akavuka uani, akashika barabara. Mhudumu wa posta akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata, maana mtu hupenda kuamini kwamba alichokiona ni mchezo. Retta na Wade walioana kwenye mwanga wa taa ya barazani, wakala jeneza lao lote, na Oleta akacheza dansi mpaka kaburi likachanika.

Hiyo ni miaka mingi iliyopita. Bado wanakaa nyumba ile ile, na Halowini watoto hujipanga kuanzia barazani mpaka barabarani, kwa sababu Retta hatoi pipi kwa kubana mkono. Katika mstari ule, kila mwaka, husimama mtu mzima mmoja wa suti ya kahawia, amelowa hata kama hakujanyesha mvua, na watoto wanaomtangulia husogea karibu karibu bila kujua kwa nini. Mwaka wa kwanza Retta aliiangusha pipi. Siku hizi hata hamwangalii sana. Akijipenyeza mbele humwonyesha kwa kidole nyuma kabisa ya mstari na kumwambia watoto kwanza, naye hurudi nyuma kusubiri zamu yake.