Tangazo Ambalo Hakulisoma

Kila asubuhi, mwalimu mstaafu hufagia baraza lake, kisha huwafundisha hesabu watoto wa jirani. Hapendi jina lake la mtaani, Mwalimu Sindano. Miaka thelathini na moja alifundisha ushonaji, na ushonaji hakuupenda hata siku moja.

Jumatatu moja mjukuu wake alikuja na barua ya chuo. Uso ulikuwa umemshuka.

"Bibi, niliomba uuguzi. Wamenipanga ukatibu."

"Umewauliza kwa nini?"

"Niwaulize wakubwa? Si wameshaamua?"

Bibi alimvuta karibu. Hata yeye aliwahi kusema hivyo.

Ujanani mwake, kwao hakukuwa na aliyewahi kukanyaga chuo. Baba yake alimsindikiza hadi getini, akamwambia, "Huko usibishane na mtu." Akatii. Aliomba ualimu wa hesabu, akakuta jina lake kwenye orodha ya ushonaji. Akafyata mdomo. Kila siku alipita mbele ya ubao wa matangazo bila kuusoma. Alidhani ni wa walimu.

Mwezi wa tatu wa masomo, mfagiaji wa chuo alimkuta darasani analia mbele ya cherehani.

"Mwanangu, mbona hukuomba kuhama? Tangazo lilikaa ubaoni wiki mbili nzima. Unajaza fomu kwa msajili, basi. Wenzako sita wamehama."

Alikimbia ofisini. Msajili hakuinua hata macho.

"Muda umepita. Ulikuwa wapi?"

"Ati nilikuwa wapi!" bibi alimwambia mjukuu. "Nilikuwa palepale, hatua kumi kutoka mlangoni kwake! Lete hiyo barua."

Waliisoma pamoja, mstari kwa mstari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: anayetaka kubadili kozi aombe kabla ya Ijumaa.

"Umeona? Andika barua ya maombi. Ambatisha nakala ya matokeo yako. Wakipokea, wakugongee muhuri kwenye nakala yako ya barua, uitunze. Wakikujibu ovyo, uliza tena taratibu. Kuuliza si utovu wa adabu."

Jumatano walikwenda wote wawili. Wiki iliyofuata mjukuu alipiga simu.

"Bibi! Wamenihamishia uuguzi!"

"Hongera, mjukuu wangu. Sasa kazana."

Alipokata simu, bibi alikaa barazani, machozi yakimtoka. Alimfurahia mtoto kwa moyo wote. Lakini hasira ilikuwa bado mbichi.

"Dakika moja tu ya kuelezwa," alisema peke yake. "Dakika moja, wakaninyima."